Ngumi Ifuate Ngoma? Mjadala wa Kibanda cha Gemu, Musoma

Jumapili alasiri, Musoma mjini, hatua chache kutoka barabara ya Mukendo. Kibanda kina viti vya plastiki, benchi moja la mbao, TV mbili za flati ukutani na TV ya chogo iliyosukumwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Upepo wa ziwa unaingia mlangoni. Vijana wawili wanapigana Tekken, wengine wanne wanangoja zamu na kila mmoja ana ushauri wa kutoa.

Swali lilizuka pale pale: gemu ya mapigano inanoga zaidi ikiwa mchezaji anapiga kwa kufuata mdundo wa muziki, au mdundo unamharibia mapigano?

Walioshika hoja walikuwa watatu, nami nawaita kwa miji waliyotoka. Musoma ni kijana mwenye kibanda. Bunda ni dada anayeendesha mitambo ya muziki kwenye maharusi. Gemu zake anachezea kwenye kompyuta. Butiama ni mwalimu mstaafu aliyefundisha ngoma shuleni kwa miaka mingi. Alikuwa amemleta mjukuu wake, akapewa kiti, akabaki. Mimi nilisikiliza. Nina upande wangu, nitautaja mwishoni.

MUSOMA: Mimi napinga, na hoja yangu ni fupi. Ngumi ni ngumi, ngoma ni ngoma. Mteja akishika pedi anataka aamue mwenyewe lini apige, lini azuie, lini arudi nyuma. Ukimwambia asubiri muziki, umemnyang'anya maamuzi. Hapigani tena huyo, yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi najua watu wanalipia nini hapa. Wanalipia mpira, na wanalipia Tekken. Na utamu wa Tekken ni kumsoma mwenzako. Anapenda kupiga chini, unamvizia chini. Sasa nimvizie vipi kama wote wawili tunasubiri ngoma ilie?

BUNDA: Kaka, unaihukumu ngoma kabla hujaingia uwanjani. Chukua Hi-Fi RUSH, gemu ya Tango Gameworks wa Tokyo iliyotoka tarehe 25 Januari 2023. Kuna kijana anaitwa Chai, kicheza muziki kimenasa kifuani mwake, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda na mapigo. Mitambo inapanda na kushuka na mapigo, taa zinawaka na mapigo, adui anarusha ngumi na mapigo. Lakini ukibonyeza nje ya mdundo, Chai anapiga vilevile. Gemu yenyewe inalipeleka pigo lako likatue mahali pake. Ukibonyeza sawasawa na mdundo, pigo linakuwa zito zaidi na alama zinapanda. Hakuna aliyekufunga mikono. Umekaribishwa.

MUSOMA: Hiyo ni moja, na wameitengeneza kwa huruma. Ziko nyingine. BPM: Bullets Per Minute ya mwaka 2020, bunduki haikubali mpaka uende na mdundo. Hata kuijaza risasi ni kwa mdundo. Crypt of the NecroDancer ya 2015, ukikosa pigo umepoteza hatua, na zile alama zako za kuzidisha zinarudi chini. Mteja wangu amelipia nusu saa. Dakika kumi za kwanza akizitumia kugombezwa na ngoma, hatarudi.

BUNDA: Kuna watu wanapenda kugombezwa namna hiyo, na siku wakiipatia wanaruka. Ila nakubali kwamba si mlango wa kila mtu. Kuna njia ya katikati, Metal: Hellsinger ya mwaka 2022. Unapiga risasi wakati wowote utakao, lakini ukienda na mdundo risasi inauma zaidi. Na wimbo nao unajengeka juu yako. Mwanzoni unasikia vyombo vichache. Ukizidi kupatia, gitaa zinaongezeka. Ukifika kileleni, mwimbaji ndiyo anaingia. Mimi nafanya kazi ya muziki, najua ukumbi unavyobadilika sauti ya mwimbaji inapoingia. Pale anayemwita ni wewe, kwa kidole chako.

Butiama alikuwa ametulia, mkono mmoja juu ya benchi. Akakohoa kidogo. Vijana wakapunguza sauti bila kuambiwa.

BUTIAMA: Wanangu, mimi sijui hizo gemu. Najua maneno. Mnasema mnacheza gemu. Ngoma nayo tunafanyaje? Tunacheza. Mnasema Chai anapiga adui. Ngoma tunafanyaje? Tunaipiga. Ngumi ikitua ni pigo, ngoma ikilia ni pigo, moyo nao una mapigo. Lugha yetu haikutenga vyumba viwili, cha ngumi na cha ngoma. Mnabishana juu ya ukuta ambao waliotuachia maneno haya hawakuujenga.

MUSOMA: Mwalimu, kwa heshima zote, tunapiga pia simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Neno halithibitishi kitu.

BUTIAMA: Umejibu vizuri, mura. Neno ni dalili tu. Basi tutafute ushahidi. Zima sauti ya hiyo TV.

Musoma akazima. Vijana wawili wakaendelea kupigana kimya kimya. Mzee akafumba macho. Kibandani ikabaki sauti ya vitufe vya pedi: kijana wa kushoto anabonyeza kama mvua ya mawe kwenye bati, wa kulia anabonyeza kwa vituo. Ta. Ta-ta. Kimya kifupi. Ta-ta-ta. Kimya. Ta. Vidole vya mzee vikaanza kugonga benchi, vikamfuata yule wa kulia, vikamkuta, vikaenda naye.

BUTIAMA: Huyu wa kulia atashinda.

Alishinda. Mzee hakuwa ameangalia kioo.

BUTIAMA: Haya, mwenye kibanda, utueleze. Anafanya nini huyu?

MUSOMA: Anapiga mfululizo. Katika Tekken kila mpiganaji ana mapigo yake yanayoungana, mengine yanafika kumi. Ukiharakisha yanakatika, ukichelewa yanakatika.

BUTIAMA: Na mgeni unamfundishaje?

MUSOMA: Namwambia… *(akacheka)* Namwambia, "moja, mbili, subiri, tatu-nne, subiri."

BUNDA: Kaka, hiyo ni ngoma. Unaifundisha kwa mdomo, kama mpiga ngoma anavyomfundisha mwanafunzi.

MUSOMA: Sawa, nimekamatwa. Lakini mmenisaidia bila kujua. Kama mapigano yana mdundo wake tayari, kwa nini mnaubandika mwingine juu? Vidole vya huyu kijana vilijitungia ngoma. Ukimletea ngoma ya kutoka nje, zitagombana. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Na nina hoja kubwa zaidi. Bondia mzuri anauvunja mdundo. Anakuzoesha moja-mbili, moja-mbili, ukishazoea anachelewesha ya pili, unafungua mikono, anakulaza. Mdundo ukiwa wazi kwa wote, ujanja huo umekufa. Wewe unajua nitapiga lini, mimi najua utapiga lini. Mapigano yako wapi hapo?

Hoja hii ilinyamazisha kibanda. Hata Bunda alikaa kimya kidogo. Na kwa kweli ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kupinga, kwa sababu inagusa kiini cha kupigana, ambacho ni kumshtukiza mwenzako.

BUTIAMA: Huko pwani, Lamu, kuna mchezo unaitwa kirumbizi. Wanaume wawili wanaingia uwanjani na bakora, ngoma na zumari zinalia, watu wamezunguka, hasa siku za Maulidi. Wanapigana kwa bakora huku wanacheza. Nimewahi kuutazama, na swali lako hili hili lilinijia: mbona hakuna kushtukizana, na ngoma wanaisikia wote? Nikatazama tena. Mshtuko upo, umehama tu. Ngoma inawaambia *lini*. Haiwaambii *wapi*. Bakora itakuja na pigo, hilo wanalijua wote wawili. Itatoka kulia au kushoto, juu au miguuni, ya kweli au ya kumtania, hilo analijua mwenye bakora peke yake. Kwa kuwa *lini* limeshalipiwa na ngoma, akili yote inabaki kwenye *wapi*. Ndiyo maana wanapigana vizuri namna ile, na bado ni mchezo.

BUNDA: Mwalimu, umenipa neno nililokuwa nalitafuta. Tekken yenyewe ina shahidi wako. Yule kijana wa kulia alimchagua nani?

MUSOMA: Eddy.

BUNDA: Eddy Gordo. Aliingia kwenye Tekken 3 mwaka 1997, na anapigana kapuera ya Brazili. Kapuera imeanzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani kule. Wanapigana ndani ya duara, na anayetawala duara ni birimbau, upinde wenye uzi mmoja. Birimbau ikienda taratibu, wanacheza taratibu, chini chini. Ikikaza, nao wanakaza. Hakuna anayesema birimbau imewanyima maamuzi. Kila mtoto anayeingia kibandani hapa anamtaka Eddy kabla hajajua kitufe hata kimoja. Anampendea nini?

MUSOMA: Anacheza. Hata akisimama hatulii, anayumba.

BUNDA: Basi.

MUSOMA: Si basi. Nina mteja kiziwi. Anawapiga wote humu, na muziki hausikii. Gemu ya mdundo inamwambia nini? Kwamba yeye abaki nje?

Nilipenda kwamba hoja hii ilitoka kwa mwenye kibanda, anayewajua wateja wake mmoja mmoja.

BUNDA: Hapana, na hapa gemu nzuri inatengana na mbaya. Hi-Fi RUSH unaweza kuweka alama chini ya kioo inayokuonyesha mapigo kwa macho. Hata bila hiyo, ile mitambo na taa vinacheza mbele yako. Na pedi yenyewe inatetemeka mkononi. Gemu inayoweka mdundo masikioni tu imewafungia watu mlango, na mimi siitetei.

BUTIAMA: Nilikuwa na mwanafunzi asiyesikia vizuri. Nilimsimamisha karibu na ngoma kubwa, pekupeku. Alicheza kuliko wenzake. Ardhi ilimwambia.

MUSOMA: Basi niwape hoja ya fundi, na hii hamna njia ya kuikwepa. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. TV ya flati inachukua muda kuichakata picha kabla ya kuionyesha. Sabufa yangu iko kwenye bluetooth, nayo inachelewesha sauti. Bluetooth peke yake inaweza kula sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Hiyo ni moja ya tano ya pigo zima. Mteja anabonyeza sahihi, gemu inamwambia amekosea. Mpira hauna shida hiyo, utavumilia. Gemu ya mdundo haivumilii.

BUNDA: Kaka, hapo umeongea kama mtu wa mitambo, na mimi ni mtu wa mitambo. Ni kweli kabisa. Gemu hizi huwa zina mahali pa kupima ucheleweshaji: unabonyeza pamoja na mdundo mara kadhaa, gemu inajirekebisha. Lakini wengi hawapafungui. Na mimi harusini siwezi kumpa MC spika ya bluetooth, sauti yake ingemfikia ameshamaliza kusema. Natumia waya. Ile TV ya chogo kwenye kona, uliyoifunika kwa aibu, haicheleweshi karibu chochote. Kwa kazi hii ingezishinda flati zote mbili.

MUSOMA: Wateja wakiiona wanadhani nimefilisika.

BUTIAMA: Mimi nina shaka moja imebaki, na haihusu mashine. Hizo gemu zenu, mdundo ni wa nani?

BUNDA: Nyingi ni roki, Mwalimu. Moja, mbili, tatu, nne. Patapon ya PSP iliyoanzia Japani mwaka 2007 ina ngoma nne, unazipiga kwa zamu na jeshi lako dogo linasonga, linapiga, linajikinga kwa amri ya ngoma. Hiyo ingekufurahisha. Lakini nayo inakwenda nne kwa nne.

BUTIAMA: Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni akatangaza kuunda wizara ya utamaduni. Alizungumzia ngoma. Aliuliza ni wangapi kati ya wasomi wanaojua Gombe Sugu, Konge, Kiduo au Lelemama, wakati waltz na foxtrot wanazijua. Kisha akauliza jambo ambalo sisi wa Butiama tunalikumbuka: ni lini dansi za kigeni zilitupa msisimko tunaoupata kwenye Mganda au Gombe Sugu, hata kama muziki wenyewe ni kokoto tu zinazotikiswa kwenye mkebe? Angalieni, hakusema vyombo vyetu ni bora. Alisema msisimko hautoki kwenye chombo. Unatoka kwenye mapigo ambayo mwili wako unayajua tangu utoto. Sasa mnamletea kijana wa Mara mapigo ya gitaa la Marekani, mnashangaa akisema ngoma inamfunga?

BUNDA: Mwalimu, hapo nitakupinga kidogo. Vijana hawa wamekulia singeli, bongo fleva na amapiano. Gitaa halitawashinda.

BUTIAMA: Sawa. Lakini piga hesabu ya kilichoachwa. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane, sauti yake nzito inatoka tumboni mwa chombo. Wachezaji wanavaa viatu vya mbao vizito, na kishindo chao ni sehemu ya muziki. Sasa chukua ngoma ambayo miguu inakwenda kwa tatu, chombo kinavuta kwa mbili, na mchezaji anaishi katikati. *(Akapiga benchi: mkono wa kulia tatu, wa kushoto mbili, kwa pamoja.)* Mtu anayeweza kukaa humu, utamtisha na moja-mbili-tatu-nne?

Musoma alijaribu kumfuata kwa vidole viwili juu ya pedi. Alikosea. Akajaribu tena. Mara ya nne au ya tano vidole vikakaa, akainua uso bila kusema kitu, na mjukuu wa mzee akaanza kupiga makofi.

BUNDA: Gemu ya namna hiyo sijaiona. Lakini ipo iliyofungua njia. Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya Surgent Studios. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Baba yake alifariki, naye akaitengenezea gemu huzuni ile: kijana Zau anataka kumrudisha baba yake kutoka kwa Kalunga, mungu wa kifo. Ana vinyago viwili, cha jua kwa mapigo ya karibu na cha mwezi kwa mapigo ya mbali, na anavibadili katikati ya mapigano mpaka inakuwa dansi. Na unaweza kuisikiliza yote kwa Kiswahili. Haikulazimishi kufuata mdundo wa wimbo. Lakini mimi niliicheza kama dansi, kwa sababu ndivyo ilivyojengwa.

MUSOMA: Kwa Kiswahili?

BUNDA: Kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho.

MUSOMA: Hiyo ningeiweka hapa kesho, kama ningekuwa na PS5.

BUTIAMA: Basi tumefika mahali. Mimi nasema hivi: mcheza kwao hutunzwa. Siku moja mmoja wenu akitengeneza gemu ambayo ngumi inafuata litungu, hamtauliza kama inanoga. Mtauliza zamu ni ya nani.

---

Niliahidi kusema upande wangu. Niliingia kibandani nikiwa na Bunda, lakini kwa sababu nyepesi: nilidhani mdundo unanogesha kwa kuwa muziki ni mtamu. Nimetoka na sababu nyingine, na nina deni kwa Musoma, kwa sababu bila ukaidi wake mzee asingeikumbuka kirumbizi.

Mdundo unanogesha mapigano pale unapochukua jambo moja tu kutoka kwa mchezaji, yaani *lini*, na kumwachia mengine yote: *wapi*, *kwa nini*, *kwa pigo gani*. Gemu inayochukua *lini* kisha ikakuachia kitufe kimoja cha kubonyeza ni kazi ya karani. Gemu inayochukua *lini* halafu ikakufungulia uwanja, ukachagua pigo zito au jepesi, ukakwepa au ukaingia, hiyo inakupa kitu ambacho mapigano matupu hayatoi kirahisi. Mwili wako, adui na muziki vinakuwa kitu kimoja, na unapiga bila woga kwa sababu pigo linalofuata unalijua linakuja. Na mchezaji akikosea, mdundo usimfukuze. Kwenye ngoma, aliyepoteza hatua haondolewi uwanjani. Anasikiliza mzunguko mmoja, anaingia tena. Gemu isiyo na mlango huo wa kurudi imechukua sauti ya ngoma ikaacha adabu yake.

Kati ya wawili wanaopigana kwa kuviziana, hoja ya Musoma inabaki na nguvu zake: kuna mapigano yanayoishi kwa kuvunja mdundo, na si kila Tekken igeuzwe kwaya. Lakini hata huko, kijana wa kulia alishinda kwa sababu alikuwa na ngoma ndani ya vidole.

Jua lilikuwa limeanza kushukia ziwani tulipoagana. Bunda alikuwa na gari la kuwahi, mzee alikuwa anamtafuta mjukuu wake aliyekwisha kushika pedi. Musoma alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, anapekua boksi la nyaya. Akatoa moja, akaipuliza vumbi, akaichomeka kwenye sabufa. Kisha akaenda kwenye kona, akaondoa kitambaa kwenye TV ya chogo.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujaondoka, ule wa tatu kwa mbili. Unaanza na mkono gani?"